Kiti cha Wageni

Juzi nilikwenda ofisi moja ya Chake Chake kufuata cheti. Karani, bibi wa makamo, alikuwa kajikunja juu ya kigoda, meza imemfika kidevuni. Pembeni yake kiti kipya cha magurudumu kimo bado ndani ya nailoni.

"Bi, mbona kile hukikalii?"

"Kile cha wageni, mwanangu."

Mara akaingia afisa anayekagua namna wafanyakazi wanavyokaa kazini. Karani akainuka kwa kushika ukuta, akakivua kiti nailoni, akamkaribisha. Afisa akaegemea, akazunguka kidogo.

"Mashallah! Kwa kiti hiki mgongo hauumi," akasema, akaandika kuwa ofisi haina tatizo.

Alipoondoka, karani akakivisha kiti nailoni yake, akarudi kigodani, mkono kiunoni.

Siwezi kusema afisa kaandika uongo. Mgongo alioukagua ni wake mwenyewe, nao kweli ulikuwa mzima.