Kanuni ya Imani kwa Sauti ya Chuoni

Binti yangu alikuwa ameshaanguka mara moja mtihani wa Komunyo ya Kwanza. Si kwamba hakujua sala. Ulimi wake ulikwama. Ana kigugumizi, na akitazamwa na watu ndipo kinapozidi. Katekista wa shule yetu ya parokia, hapa Changamwe, aliniambia kwa upole kwamba Siku ya Familia watoto wote watasimama mbele ya wazazi wakariri Kanuni ya Imani, na wangu akishindwa tena atangoja mwaka mwingine. Mwaka mwingine! Wenzake wavae nguo nyeupe, naye akae benchi moja na watoto wadogo. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Lakini ningemsaidia saa ngapi? Mimi hushona nguo kiwandani. Natoka alfajiri, narudi giza likiingia. Babake ni dereva wa malori ya makontena, asipokuwa Malaba yuko Kampala. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alishinda kwa mama mwenye nyumba wetu, Jomvu Kuu. Huyu ni bibi wa Kiswahili, mjane, mwenyeji wa tangu na tangu, na kila alasiri ana chuo chake sebuleni, anawasomesha watoto wa majirani Kurani. Nilimwomba amwangalie wangu asicheze barabarani. Sikuomba kingine.

Siku ikafika. Sisi watu wa bara tukisherehekea shule hatufanyi nusu. Kila jumuiya ilikuja na sare yake ya kitenge, kila familia na sufuria yake, na kuna mzee aliyebeba kiti kutoka kwake kwa sababu haviamini viti vya ukumbini. Baada ya Misa watoto wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Kijana wa jirani yangu alikariri mbio kama anayekimbizwa na mbwa, mamake akapiga vigelegele kabla hata hajamaliza. Kisha akaitwa binti yangu.

Akasimama. Hakututazama. Akafumba macho, akaweka kiganja sikioni, akaanza kuyumba taratibu mbele na nyuma. Halafu akafungua kinywa.

Mungu wangu! "Nasadiki" ilitoka kwa sauti ya chuoni. Ile ile niliyoizoea dirishani Jumamosi, ya kuvuta neno, kulipandisha, kulishusha na kutua. Kanuni ya Imani ya Kanisa Katoliki, kwa mahadhi ya Kurani, mbele ya padri, masista na jumuiya zote na vitenge vyao! Nilipigwa na butwaa. Nyuma yangu mwanamke akasema, "Ai! Huyu kweli ni wetu?" Mwingine akacheka, na watoto wakadakia. Nilitaka kumpigia kelele anyamaze. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Hakunyamaza. Na hapo nikashtuka mara ya pili, kwa sababu hakukwama. Jina la Ponsio Pilato, lililokuwa likimnasa kila siku mpaka machozi yamtoke, alilipita kana kwamba halipo. Kicheko kikazimika chenyewe. Alipofika "Amina" hakukaa. Chuoni mtoto hakai mpaka mwalimu aseme. Alibaki palepale, macho yamefumbwa. Padri akakohoa.

"Kaa, binti," akasema. "Umepita."

Makofi yalipigwa, nadhani. Mimi sikupiga. Nilikuwa bado sijakumbuka kufunga mdomo.

Tuliposhuka Jomvu nikamtuma mtoto akabadilishe nguo, nami nikaenda moja kwa moja kwa bibi. Nilikuwa na hasira, na furaha, na aibu, zote zinagombania mlango mmoja. Nilimkuta juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, amepita?"

"Amepita. Lakini Bibi, mtoto wangu amesoma imani yetu kama yuko chuoni! Watu wamecheka!"

Akaacha kukuna. "Alikosa neno?"

"Hapana."

"Alikwama?"

"Hapana."

"Sasa wanigombeza nini? Alikuja hapa na karatasi yake, yuwalia. Mtoto ulimi wake mzito, ukimwambia sema hasemi. Mpe sauti aifuate, maneno yatakuja yenyewe. Mimi nashika karatasi, yeye asoma. Akiruka neno, namrudisha mwanzo. Ndivyo nilivyofunzwa mimi, na sina njia nyingine."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinichoma tangu ukumbini. "Na wewe huogopi dhambi? Kumfunza mtoto dini isiyo yako?"

Sasa ikawa zamu yake kushtuka. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, mkono umeganda na kifuu chake.

"Astaghfirullah! Dini? Wallahi sikumfunza dini mimi. Mimi nimemfungua ulimi tu, mambo ya dini ni yako wewe na babake. Alikuwa aniuliza, Bibi, neno hili maana yake nini? Nikamwambia hilo si langu, kamuulize mamako." Akarudi kwenye nazi yake. "Hakukuuliza?"

Hakuniuliza. Nilimuaga bibi bila hata kumshukuru, nikavuka ua.

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini anakula mabaki ya pilau ya shule. Nikakaa karibu naye, na kitenge changu kizuri kwenye sakafu.

"Ni neno gani ulikuwa unamuuliza Bibi?"

Akameza kwanza. "U-u-ushirika wa watakatifu. Ni nini, Mama?"

Sala hiyo nimeisali kila Jumapili tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, na sijawahi kukwama hata mara moja. Nikafungua kinywa nimjibu. Akaningoja, mkono wa pilau ukiwa hewani, na mimi sina neno.