Simu ya Pili, Nyuma ya Jabali

Nyumba yetu ya Ilemela ilijengwa na mtu aliyeshindwa kubishana na mawe. Mbele sebule na jiko, katikati jabali kubwa kuliko lori, na nyuma ya jabali chumba cha uani ambako mama alilala. Tulimtoa Kagera aje atibiwe. Sasa hospitali ilikuwa imenirudishia. Daktari aliniambia nimpe anachotaka kula, na kama kuna mtoto aliye mbali, aitwe mapema.

Mtoto aliye mbali alikuwa mdogo wangu, mwalimu huko Botswana. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, kutoka kibanda cha kulipia cha barabarani, kwa hiyo sisi hatukuwa na namba ya kumpigia. Mama hakuweza tena kutembea hadi sebuleni, basi mimi ndiye niliyekuwa mjumbe. Nilimwambia mdogo wangu ukweli kidogo kidogo, kama unavyomnywesha mgonjwa uji, mpaka akasema ameomba likizo na atakuja mwisho wa mwezi. Nilipompelekea mama habari hiyo, alinuna.

"Unaniletea maneno yaliyokwisha kutafunwa," akasema. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu vya Dubai, nami tayari nilikuwa na simu isiyo na waya, ya kuwaringia wageni. Nikaubeba mkonga wake wa kusikilizia kwenda uani. Jikoni ilisema vizuri. Nilipolipita jabali ikakwaruza, ikafa. Nikavuta antena, nikapanda juu ya ndoo, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. Majirani walicheka wakashiba.

Fundi kutoka Mkuyuni akaja, akakuna kichwa, akasema dawa ni simu ya pili kama ile. Chumba cha mama hakikuwa na umeme, hivyo kitako cha simu hiyo, kinachochomekwa umeme, kingekaa kwenye dirisha la stoo, pembeni mwa jabali, na waya ukitoka kwenye ile ya kwanza. Zote mbili zingelia, na aliyeinua moja angemsikia aliyeinua nyingine. Nilimharakisha maskini hata chai hakumaliza. Moyoni nilijua ninachotafuta: mdogo wangu akiisikia sauti ya mama ilivyokwisha, hatangoja mwisho wa mwezi.

Jumapili simu zote mbili zikalia pamoja. Nikainua ya sebuleni, mama naye akainua yake. Nikaisubiri ile sauti ya kunong'ona iliyokuwa ikiniomba maji. Haikuja. Ilikuja sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Pasaka, ya mwanamke anayeita watoto warudi kutoka bondeni. Akamaliza salamu zote za Kihaya bila kuruka hata moja, akawaulizia mkwe na wajukuu, ndipo akasema:

"Likizo ya nini? Leo asubuhi nimekata majani ya migomba. Kaa na kazi yako."

"Lakini dada alisema..."

"Dada yako humjui? Mtu akipiga chafya, yeye anaita mchungaji."

Mdogo wangu akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema basi, kesho ataiondoa ile barua ya likizo.

Nikaukaza mkonga sikioni. Kwetu mtoto hamkatizi mama yake, sembuse kumwambia mbele ya mwanawe kwamba anasema uongo. Mimi nimegombana na makarani, nimegombana na mwenye nyumba, hata na mkata tiketi wa kivuko pale Kigongo, na wote niliwashinda. Siku ile nilikuwa mtoto wa miaka saba. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na sikuwa na la kufanya.

"Dada, upo?" akauliza. "Nakusikia unapumua. Niambie wewe, mama ni mzima kweli?"

Mama naye alikuwa bado hewani, akinisikiliza.

"Ni kama alivyosema mama," nikajibu.

Mdogo wangu alipokata simu, nikalizunguka jabali mbio. Mkonga ulikuwa juu ya mto, bado unavuma. Mkono wa mama ulikuwa umeanguka pembeni, hauna nguvu hata ya kubonyeza kitufe. Nikamfuta jasho usoni. Pumzi ikamrudia polepole.

"Umejibu vizuri, mwanangu," akanong'ona.