Somo la Ulimi

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya elfu mbili, mkuu wa kituo chetu cha mafunzo pale katikati ya Nairobi alinionyesha chumba chenye meza tupu. Nilikuwa nimefunza baiolojia shuleni miaka mingi. Sasa nilipaswa kuwaandaa walimu wenzangu kufundisha jenetiki, yaani elimu ya urithi, jinsi mtoto anavyochukua maumbile ya wazazi wake.

"Madam, darubini hakuna, maabara hakuna," akasema. "Utawafunza na nini?"

"Na ndimi zao," nikamjibu. Mungu wangu, jinsi nilivyojiona mjanja!

Kuna watu wanaoweza kuukunja ulimi kingo zikainuka kama mfereji, na kuna wasioweza. Vitabu vyetu vilisema anayeweza ana jeni inayotawala, ile ambayo hata ikiwa moja tu lazima ijitokeze. Kwa hivyo wazazi wawili wasioweza hawawezi kuzaa mtoto anayeweza. Niliyaandika hayo kwenye karatasi ya mwongozo, ikapigwa muhuri wa kituo, na kila mwalimu akaondoka na nakala yake. Ungewaona watu wazima, wengine na tai shingoni, wakitoleana ndimi na kucheka! Mwisho wa karatasi niliongeza zoezi: mwanafunzi akapime ndimi za watu wa kwao.

Zoezi hilo ndilo lililonimaliza.

Mwalimu Mutua, kijana mwenye bidii aliyefunza shule moja kule Uthiru, alikuja ofisini muhula wa pili hata salamu zikamshinda. Mwanafunzi wake wa kidato cha nne, Wambui, alikuwa amempima baba, akampima mama. Hakuna aliyeweza. Yeye anaweza. Baba akauliza hiyo inamaanisha nini, na mtoto, maskini, akamsomea karatasi yangu neno kwa neno. Mama alirudishwa kwao wiki hiyo hiyo na Wambui akaenda naye. Shule ikaishia hapo.

Nilikimbilia maktaba ya chuo kikuu. Huko nikasoma mambo yaliyojulikana hata kabla sijaanza kazi: pacha wa kufanana, wenye jeni zile zile, mmoja anaweza kuukunja ulimi na mwenzake asiweze. Ulimi hauthibitishi mzazi. Nililia pale pale kati ya rafu.

Nilimwomba mkuu barua yenye muhuri, ya kukiri kosa.

"Madam, wacha hiyo maneno. Karatasi iko shule zote. Unataka tuchekwe?"

Nikaenda Uthiru mikono mitupu. Baba Wambui, mwenye nyumba za kupangisha, alinipa chai akanisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Mwalimu, ni wewe uliandika haiwezekani. Sasa ni wewe unasema inawezekana. Nishike gani?"

"Shika kwamba nilikosea, Baba Wambui."

"Ile ya kwanza iko na muhuri." Akaitoa, imekunjwa vizuri ndani ya Biblia. "Hii yako iko na nini?"

Nitawaambia ambalo sijawahi kumwambia mtu: muhuri ulikaa kwenye droo isiyofungwa, hatua tatu kutoka mezani pangu. Ningeweza kuugonga mwenyewe. Niliogopa kufutwa kazi. Maji yakimwagika hayazoleki, nikajifariji. Uongo mtupu, maana hata kujaribu kuyazoa sikujaribu.

Kwenye karamu ya kustaafu kwangu, walimu niliowafunza walijipanga mstari, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakanitolea ndimi zilizokunjwa. Ukumbi mzima ukacheka. Mutua peke yake, nyuma kabisa, alikuwa amefunga mdomo.

Nilimfuata mlangoni nikamuuliza habari za Wambui. Mtihani hakuufanya, akasema, na baba yake hajamwona tena.

"Lakini Wambui ulimwambia nilikosea?"

"Nilimwambia, Madam. Akaniuliza, kama Madam alikosea, mbona hajaandika?"

Nyinyi mnaoanza kazi hii mliniomba hekima, nami sina. Haya ndiyo nimeandika. Yamechelewa, na hayana muhuri.