Kijiko Kimoja cha Chokaa

Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho. Wenzake walimwita Mama Udongo, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa udongo ndio alioupima kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa fundi wa maabara: alitia chokaa kwenye vikopo vya udongo, akasubiri wiki tatu, akapima tindikali imepungua kiasi gani, akaandika. Madaftari yalijaza makabati mawili, na kila ukurasa ulianza vilevile: "Chokaa, kijiko kimoja."

Mwaka huu maabara ilihamia daftari la kompyuta. Fomu moja kwa wote, ili majaribio ya hapa yalinganishwe na ya kwingine. Fomu ilitaka chokaa kwa gramu. Mama Udongo akaandika "kijiko kimoja". Sehemu ile ikawa nyekundu.

"Mama, haitambui vijiko," alisema mtaalamu wa takwimu, mwanamke wa rika la bintiye.

"Basi haijawahi kupika."

Jaribio lisilo na gramu lingebaki nje ya mfumo, na daftari lake lingepelekwa stoo, ambako karatasi hustaafu na kuishi na panya. Mwisho ulikuwa Ijumaa.

"Weka gramu tano kote," mtaalamu alisema. "Nani atajua?"

"Mimi."

Mama Udongo akatoa kijiko kwenye mtoto wa meza, akachota chokaa, akasawazisha kwa kidole, akapima kwenye mizani. Mara thelathini. Haikushuka chini ya gramu nne nukta nane, wala kupita tano nukta moja. Kufikia mara ya kumi mtaalamu alikuwa ameacha kutabasamu. Wakaingiza wastani na maelezo ya jinsi ulivyopatikana. Fomu ikakubali.

Yakabaki madaftari manne ya zamani zaidi, ya Mzee aliyemfundisha kazi.

"Si kijiko ni hichohicho?"

"Mkono si huohuo. Yeye hakusawazisha, alikadiria kwa jicho."

Akampigia simu. Mzee alifika Alhamisi, shati limechomekwa kama mtu anayeripoti kazini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia mmenunua mashine isiyojua kijiko."

Alichota mara thelathini. Mkono ulitetemeka, mizani ilisoma tatu, ikasoma saba, ikasoma zote zilizo katikati. Mtaalamu akatazama dirishani.

"Enzi zile hukutetemeka," Mama Udongo alisema taratibu. "Naweza kuandika tano."

"Enzi zile hatukupima. Nani alikukataza kuandika usichokipima?"

"Wewe."

"Basi usinisitiri kwa uongo, mwanangu. Nimezeeka, sijawa mjinga."

Mama Udongo akaketi, akaandika: "Kiasi hakijulikani." Nyekundu, mara nne.

Mzee alibeba madaftari mawili, yeye mawili. Kwenye ngazi walipumzika mara mbili, kwa madai ya Mzee kwamba Mama Udongo amechoka. Stoo walibishana kidogo kuhusu rafu, kisha Mzee akayapanga kwa mwaka.