Nilivyomfundisha Mama Paulina Kupumzika

Mimi ni muuguzi wa Balangdalalu, na naomba mnicheke taratibu. Juzi tulikuwa Tlawi kwenye mafunzo ya kuwahudumia watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu, ule ambao hata kufagia uwanja kunaweza kumlaza mtu siku kadhaa. Mchana kila mmoja wetu alitumwa nyumbani kwa mgonjwa, akamfundishe kutunza nguvu zake.

Mimi nilipelekwa kwa Mama Paulina. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akainuka kwenye kochi alilokuwa amelalia ili anipishe. Nikakaa, nikaanza somo. Akasema mgeni haondoki bila chai, akaenda kuwasha moto. Chai ya mama unaikataaje? Nikapandisha tu sauti ili anisikie hadi jikoni. Alipoleta chai ya maziwa na viazi, nilikuwa nimefika penyewe: "Mama, kazi za nyumbani waachie wengine."

Mwalimu wetu akachungulia mlangoni. Akanitazama nilivyojinyoosha kwenye kochi, kikombe mkononi, kisha akamtazama mama aliyesimama na birika.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

Mama Paulina akanijazia kikombe. "Mwache anywe, mwalimu. Ametoka mbali, amechoka."