Kikundi Changu cha Kisukari cha Kalobeyei

Afadhali muisikie kwangu, kwa sababu huko Kakuma hadithi hii imeshatiwa chumvi mpaka kuna wanaosema nilikimbia nikavuka mto, na mimi sikukimbia, nilitembea haraka tu. Aibu ni yangu na ninaikubali.

Mimi ni afisa wa kliniki (ingawa kwetu ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, na sijawahi kumsahihisha mtu), na mwaka jana nilisikia kuna ruzuku ndogo za utafiti kwa vijana wa afya wanaotibu kisukari. Wazo nilikuwa nalo, tena zuri. Mgonjwa wangu mmoja, Mama Akiru, hana stima wala friji, insulini yake ilikuwa inaharibiwa na joto, anajidunga na sukari haishuki, mara mbili ameletwa kliniki kwa pikipiki akiwa hajitambui. Tukachukua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga, anaumwagia maji asubuhi na jioni, insulini inakaa chungu cha ndani kwenye ubaridi, na dawa ikaanza kumsaidia. Nilitaka pesa ya vyungu na vipimajoto nijue kama kweli dawa inakaa, ili na wengine wapate. Tena chungu chake cha nje kilikuwa kimeanza kupasuka, nami nikamwambia avumilie, vya utafiti viko njiani. (Ningeweza kumnunulia mwenyewe, najua, msinitazame hivyo.)

Basi nikaenda Lodwar kujaza fomu, kwa sababu mtandao wetu huwa na siku zake. Nikajaza vizuri kabisa mpaka swali moja: unafanya kazi na wagonjwa wangapi? Nikaandika mmoja. Nikaiangalia ile "mmoja" imekaa peke yake kwenye kisanduku kikubwa hivyo, nikaona haya, nikafuta, nikaandika kikundi cha akina mama ishirini, Kalobeyei, hukutana kila Alhamisi. Hiyo Alhamisi mpaka leo sijui niliitoa wapi.

Wiki chache baadaye ikaja barua pepe: hongera, umebaki kwenye orodha fupi, Profesa anayesimamia ruzuku atafika Alhamisi akutane na kikundi. Jameni!

Nikampigia Mama Nyandeng, mama wa Sudan Kusini, mwenyekiti wa kikundi cha mbuzi pale Kalobeyei kwenye makazi ya wakimbizi, ambaye amepokea wageni wengi kuliko chifu. (Mradi wa mbuzi una sheria yake: mbuzi anazunguka nyumba hadi nyumba, na mtoto wa kwanza anarudishwa kwa kikundi. Kila mgeni huuliza hilo, na Mama Nyandeng hulijibu hata akiwa usingizini.)

"Mama, nahitaji kikundi cha wagonjwa wa kisukari, watu ishirini."

"Wageni inatoka wapi?"

"Nairobi."

"Soda iko?"

"Iko."

"Basi kikundi iko."

Nikamweleza insulini ni nini, kwa simu, dakika tano, salio likaisha. Mama Akiru nikamwambia abaki nyumbani apumzike, maana yule mama hajui kudanganya hata kidogo, na siku hiyo nilihitaji watu wenye uzoefu.

Alhamisi Profesa akashuka garini, mama mfupi, mpole, miwani kwenye kamba. Akapokewa kwa nyimbo na vigelegele. Nikaanza kupumua. Halafu kreti za soda zikafunguliwa (huwezi kukalisha kikundi Kalobeyei bila soda, hiyo ni sheria ya zamani kuliko mimi) na wagonjwa wangu ishirini wa kisukari wakazishambulia, wengine mbili mbili, huku mandazi yakizunguka. Profesa akawaangalia, akaniangalia. Nikajifanya nimepigiwa simu, nikatembea haraka mpaka nyuma ya gari lake, kisha nikarudi.

"Na insulini mnaitunza vipi?" akauliza.

Mama Nyandeng akasimama, akanyoosha gauni. "Insulini inazunguka. Nyumba hii wiki moja, nyumba ile wiki moja."

"Mnatumia moja nyote?"

"Ndiyo. Na ikizaa, mtoto ya kwanza tunarudisha kwa kikundi."

Wakapiga makofi. Wote! Mimi pia, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Profesa hakucheka. Akatoa mashine ya kupima sukari mkobani, akapima kidole kimoja baada ya kingine, soda yenyewe ikiwa bado mdomoni, na hakuna hata mama mmoja aliyekuwa na kisukari. Akanipima na mimi. Yangu ndiyo ilikuwa juu kuliko zote, kwa hofu nafikiri. Mama Nyandeng akanionea huruma. "Mama, usimgombeze huyu kijana. Sisi ni ya mbuzi."

"Una mgonjwa hata mmoja?" Profesa akaniuliza.

"Ninaye. Mmoja."

"Nipeleke."

Tukamkuta Mama Akiru Kakuma mjini, ameinama anamwagia mchanga maji, chungu amekifunga kwa kitambaa pale kilipopasuka. Ukutani kalenda ya duka, na kila siku aliyomwaga maji ameweka alama ya mkaa, miezi mitano, hakuna siku iliyoruka. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuiona, kwa sababu sikuwa nimewahi kuingia ndani. Profesa aliisoma ile kalenda muda mrefu, akapiga picha, akamshukuru kwa mikono miwili.

Nje akaniambia polepole, "Ruzuku hii ni ndogo kwa sababu ni ya kuanza na mmoja. Ungeandika mmoja, leo ningeweka sahihi. Sasa namba yoyote utakayoniandikia nitaiamini vipi?" Akapanda gari. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Nimeapa, fomu nyingine nikiijaza nitaandika tu watu ambao nimeshaingia nyumbani kwao. Kesho yake nilinunua chungu kwa pesa yangu, nikakibeba kichwani kupita sokoni watu wakiona, nikampelekea Mama Akiru, nikamweleza yote, fomu, ishirini, mbuzi, yote. Akanisikiliza bila kunikatiza, akakigonga chungu kwa kucha kusikia kama ni kizima, akakiweka chini.

"Asante, daktari," akasema. "Na wale wengine kumi na tisa, umeshawapelekea vyao?"