Kuzindua Kitabu Kwa Keki

Kazi niliyopewa ilikuwa kuwafanya watu wakionee haya kitabu walichokuwa wanakipenda, na kwa bahati mbaya niliifanya vizuri.

Kitabu chenyewe ni cha kanuni za mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia kisa, wenzake kila mmoja ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua nani kapona. Tulikuwa watano, tukicheza kila Jumamosi mchana barazani kwa mwalimu mmoja wa sekondari, mama wa makamo, huko Tabata. Yeye ndiye msimulizi wetu. Kanuni zilikuwa za Kiingereza, akazitafsiri zote kwa mkono kwenye kaunta buku. Theluji, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, akaifuta, akaweka mafuriko. Tulicheza hivyo miaka sita na hakuna aliyelalamika.

Kisha toleo jipya likaingia nchini. Mwenye duka aliyelileta alijua ninaishi kwa kuandika matangazo, akaniita.

“Braza, watu lazima waone la zamani ni ushamba. La sivyo hawanunui.”

“Kilichobadilika ni nini?”

“Jalada. Halafu limenenepa.”

Nilivisoma vitabu vyote viwili sambamba. Picha za majoka zilikuwa zimetiwa rangi. Kanuni ya kujificha ilikuwa imehamishwa sura. Zaidi ya hapo, ni maneno yale yale yaliyopigwa pasi. Nilijua, na bado nikaandika tangazo: “Bado unacheza mchezo wa babu yako?” Nikalisambaza kwenye kila kundi la simu nililomo, pamoja na letu la watu watano. Mwalimu akajibu, “Mdogo wangu, mie sijaona kilichoharibika.” Nikamtumia kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo heshima niliyomrudishia, na mpaka leo naona aibu.

Uzinduzi ukapangwa Jumamosi mchana, saa ile ile ya mchezo wetu, katika ukumbi wa hoteli moja ya ufukweni Kunduchi. Mji huu hata bomba la maji halizinduliwi bila mgeni rasmi, basi naye akatafutwa, bwana mkubwa wa ofisi fulani. Alipoketi meza kuu aliniinamia sikioni akauliza kama hii ni bahati nasibu. Nikamwambia hapana. Akaonekana kusikitika.

Kukawa na utambulisho. Kukawa na utambulisho wa waliosahaulika kwenye utambulisho. Risala, nasaha, neno la shukrani. Ikaletwa keki yenye umbo la kitabu, mwenye duka akamlisha mgeni rasmi, mgeni rasmi akamlisha mwenye duka, wapiga picha wakaomba warudie. Saa tatu nzima, na dadu hazikurushwa hata mara moja. Mchezo ambao kazi yake yote ni watu kuzungumza ulizinduliwa na ukumbi mzima wa watu walionyamaza wakisubiri pilau.

Mwisho mshereheshaji akatangaza kwamba wenye vitabu vya zamani wapite mbele wavitupe kapuni, wapewe punguzo. Hakuna aliyesimama. Mwenye duka akanikonyeza. Nikasimama na changu, kurasa zake zikiwa na madoa ya chai ya Tabata, nikakitupa. Nikapigiwa makofi. Sijawahi kujidharau namna ile, na bado nilitabasamu kwa ajili ya picha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Tabata na toleo jipya kwapani, bado limo kwenye nailoni. Nilikuta wameshaanza.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Karibu, vuta kiti.”

Akanimiminia chai, akanisogezea sahani ya vitumbua. Ukarimu haukupungua hata chembe. Zamu ikazunguka, ikanipita. Ikazunguka tena, ikanipita. Kwetu asiyefika huwa tunasema mhusika wake kasafiri, akirudi anaendelea alipoishia. Wangu alikuwa tabibu mmoja mwoga, mtu wa kujificha nyuma ya wenzake kisha akawatibu wote. Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

“Mwalimu, na mie? Si nimesharudi safari?”

Wenzangu wakaangalia vikombe vyao. Mwalimu akaweka kalamu chini.

“Wewe hukusafiri. Ulikufa. Tumekuzika Jumamosi iliyopita.”

Nilicheka, nikaona nacheka peke yangu.

“Mmenizikaje?”

“Vizuri. Tulikusomea dua, na huyu mwenzako akakufanyia sala ya Kikristo. Dini ya tabibu wako hatukuijua, miaka yote hukuwahi kutuambia, tukaona tusimpunje.” Akachana karatasi tupu kutoka kwenye daftari, akaisukuma mbele yangu pamoja na kalamu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. “Andika mwingine, mdogo wangu. Mpya.”

Nikaishika kalamu. Sikumtaka mwingine.